The Unremembered: wapagazi waliosahauliwa
The Unremembered ni makala ya runinga iliyoonyeshwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 2019. Mbunge David Lammy anafika hadi Voi kutafuta walikozikwa wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, wale wa Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina Kariakoo. Ndani ya ua, Wazungu wana mawe yenye majina; wapagazi walizikwa nje, vichakani, bila alama. Filamu nyingi za vita hupenda mizinga. Hii yawatafuta waliobeba risasi na chakula, na haikupita bure: mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikakiri kuwa marehemu 116,000, pengine hata 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote.