Baada ya Kisu cha Unene, Nani Anamtazama Mgonjwa?

Juma hili, ndugu wasomaji, tunataka kuzungumzia jambo ambalo zamani lingewachekesha watu wa Tanga: upasuaji wa kupunguza unene. Katika mwambao wetu mwili mkubwa ulihesabiwa kuwa neema. Mwari alitolewa ndani akiwa amenawiri, na mume ambaye mkewe amekonda aliulizwa na wakwe kama nyumbani kwake kuna njaa.

Mambo yamegeuka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 18 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Utafiti kama huo wa 2015-16 ukawakuta 28. Nyuma ya uzito huo wamefuata kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuwawekea wagonjwa puto tumboni, na upasuaji wa kupunguza tumbo ukafuata. Wenye uwezo mkubwa zaidi wamekuwa wakipanda ndege kwenda India.

Kuhusu kisu chenyewe mengi yamesemwa. Swali ambalo halisikiki ni hili: mgonjwa huyo akishashuka basi pale Kange na kurejea kwake Mabawa, anamwona nani?

Swali hili lina historia, nayo ilianza kwa majuto. Mwaka 1954 huko Minnesota, Marekani, Kremen na wenzake walitangaza njia ya kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, ili chakula kipite bila kufyonzwa chote. Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya watu walifanyiwa upasuaji wa aina hiyo. Walipungua kweli, wengi wakafurahi, wakaenda zao. Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja. Huyu ini limeharibika, yule ana mawe kwenye figo, mwingine mifupa imelegea kwa kukosa vitamini. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa, na madaktari wengi walilazimika kuwafungua tena wagonjwa wao na kuunganisha utumbo kama ulivyokuwa.

Katika jimbo la Iowa alikuwako daktari mpasuaji aitwaye Edward Mason. Yeye na mwenzake Ito walianza mwaka 1966 njia nyingine, ya kutenga sehemu ndogo ya tumbo na kuiunganisha na utumbo. Mason hakuishia hapo. Mwaka 1986 alianzisha daftari kubwa la kuandikisha waliopasuliwa na yaliyowapata baadaye, maana alitambua kwamba mpasuaji asiyejua hali ya mgonjwa wake baada ya miaka mitano hajui kama alimponya au alimdhuru. Mwaka 1991 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani liliukubali upasuaji huu kwa watu wenye unene wa hatari, likasisitiza kwamba mgonjwa anahitaji kuangaliwa na waganga maisha yake yote. Uingereza nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, iliagiza mgonjwa afuatwe na kituo kilichompasua kwa muda usiopungua miaka miwili, na baada ya hapo apimwe walau mara moja kila mwaka, daktari wake wa karibu akishirikiana na wataalamu.

Kwa nini maisha yote? Hapana budi tueleze, kwani wengi hudhani kidonda kikikauka mambo yamekwisha. Katika aina moja ya upasuaji, karibu robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa. Katika nyingine, chakula hurukishwa sehemu ya kwanza ya utumbo, na hapo ndipo mwili ulipozoea kufyonza madini ya chuma na chokaa. Vitamini B12 nayo huhitaji kisaidizi kinachotengenezwa na tumbo, na tumbo lenyewe sasa ni dogo. Lakini ini lina akiba ya vitamini hiyo ya kutosha miaka kadhaa. Kwa hiyo mtu hutembea akijiona mzima, amependeza, nguo zote zimempwaya, kumbe ghala linakwisha. Ganzi ya miguu na upungufu wa damu huja baadaye sana, wakati yeye mwenyewe hakumbuki tena kuuhusisha na kisu.

Yapo pia yanayokuja mapema. Mgonjwa anayetapika mfululizo katika majuma ya mwanzo anaweza kuishiwa vitamini B1, na ubongo wake ukadhurika usirudi tena kama zamani. Mwenye kisukari au shinikizo la damu huhitaji kupunguziwa dawa kadiri anavyopungua, la sivyo kipimo kilekile kilichomsaidia jana kitamwangusha leo. Vijiwe kwenye nyongo ni vya kawaida kwa anayekonda upesi. Mwanamke hushauriwa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Aliyerukishiwa utumbo akinunua duka la dawa vidonge vya diklofenaki kwa ajili ya kiuno chake, anajitafutia vidonda vya tumbo. Na hata puto lina siku yake ya kutolewa. Lililowekwa kwa miezi sita au kumi na miwili lisisahauliwe humo.

Basi tuseme yupo mama mfanyabiashara wa Mabawa aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Kutoka Tanga mpaka huko ni kilomita zipatazo 350. Mara ya kwanza na ya pili atarudi kliniki kama alivyoagizwa. Mara ya tatu biashara imebana, nauli ni nauli, na zaidi ya yote hajisikii kuumwa. Tena hakumwambia mtu. Majirani wanajua alikwenda kumuuguza shangazi. Siku akizidiwa usiku atapelekwa kituo cha afya kilicho karibu, na mganga wa zamu atampima malaria, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mama huyu tumbo lake si lile alilozaliwa nalo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa hata asiyeficha hajui amweleze nani.

Wapo watakaosema kwamba kumfuata mgonjwa mpaka mtaani ni anasa ya nchi tajiri. Hao hawaijui historia yetu wenyewe. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, na kwa miaka mingi mgonjwa wa ugonjwa huo alitengwa mbali na kwao akalala hospitalini muda mrefu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikishauriwa na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Tatizo alilolikuta Styblo ni lilelile la mama yetu wa Mabawa. Mgonjwa wa kifua kikuu huacha dawa siku kikohozi kinapokoma. Kujisikia mzima ndiyo hatari yake kubwa.

Dawa ya tatizo hilo haikuwa mashine. Kila wilaya ilipewa mratibu mmoja mwenye daftari. Kila mgonjwa aliandikwa jina na mahali anapokaa, akapewa kadi. Alimeza dawa mbele ya mhudumu katika kipindi cha mwanzo. Asipotokea, alitafutwa. Akihama wilaya, alihama na karatasi zake, na anakokwenda walitarajiwa kumpokea. Kila baada ya miezi mitatu hesabu ilitolewa: wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wamepotea. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu uliojengwa juu ya kazi hiyo ya Tanzania na kuupeleka ulimwenguni kote. Nchi maskini iliufundisha ulimwengu namna ya kumfuata mgonjwa.

Kwa hiyo elimu tunayo. Kinachokosekana ni mtu aliyetajwa kwa kazi hii. Mpasuaji ana nafasi yake, hasa miezi ya mwanzo, naye ndiye wa kuitwa haraka maumivu makali ya tumbo yanapotokea, hata ikiwa ni baada ya miaka. Mtaalamu wa lishe ana nafasi yake, wa kumfundisha mtu kula samaki, maharage na mayai kabla ya wali, kwa matonge madogo, akitafuna taratibu bila kushushia na soda. Mshauri wa mambo ya nafsi anahitajika pia, kwani aliyekuwa akijiliwaza kwa chakula huweza kuhamia kwenye pombe. Lakini hao wote hawawezi kukaa Mabawa. Anayeweza kumwona mama huyu mwaka hadi mwaka ni daktari au muuguzi wa kliniki ya kisukari na shinikizo la damu iliyo karibu naye, akiwa na karatasi mkononi na njia ya kumuuliza mpasuaji pale anapokwama.

Ushauri wetu ni mwepesi. Hospitali inayopasua isimruhusu mgonjwa kuondoka bila barua mbili, moja ya kwake na nyingine ya kituo cha kwao, zikieleza alifanyiwa nini, ameze vidonge gani vya vitamini, apimwe damu lini na asipewe dawa zipi. Aliyetoka India naye adai barua ya namna hiyo kabla ya kupanda ndege. Hospitali ya Mkoa ya Bombo imteue mtu mmoja wa kuwapokea wagonjwa hawa na kuwaandika katika daftari. Nao wagonjwa, wanapodunduliza fedha za upasuaji, wahesabu humo humo nauli na vipimo vya miaka inayofuata. Asiye na fedha za kurudi kliniki bado hajapata fedha za upasuaji.

Miaka ya 1960 Marekani iliwapasua watu kwanza, ikauliza baadaye wanaishije. Sisi tunaanza tukiwa na jibu lao mezani, na daftari la Styblo kabatini. Wakipotea wagonjwa wetu, hatutaweza kusema kwamba hatukujua.