Ufuatiliaji wa skizofrenia kwa simu janja

Ufuatiliaji wa skizofrenia kwa simu janja hutumia programu inayorekodi usingizi na mienendo ya mgonjwa ili dalili za kuugua tena zigunduliwe mapema. Nchini Marekani, wagonjwa wengi waliojaribu mfumo wa aina hiyo waliuridhia, ingawa baadhi walihofia faragha. Kwa mkazi wa Ikonge, Kaunti ya Nyamira nchini Kenya, ufuatiliaji huo ungepunguza safari za kwenda hospitali ya rufaa mjini Kisii. Hata hivyo, simu moja huweza kutumiwa na jamaa kadhaa, na mtu ambaye ugonjwa humfanya aamini anapelelezwa anastahili kuelezwa, kwa Ekegusii ikibidi, nani atasoma taarifa zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humruhusu kuondoa ridhaa wakati wowote.