Ganda la yai lilikuwa mali tangu zamani

Hapa Kalengera na kwenye kambi za wahami, yai likiisha kuliwa ganda linatupwa. Watu wa kale hawakulitupa.

Nchini Kenya, katika pango la Enkapune ya Muto karibu na ziwa Naivasha, watafiti walikuta shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa miaka kama 40,000. Walikuta pia zisizomalizika: watu walivunja ganda, wakatoboa tundu, wakasugua kingo mpaka kikawa kiduara.

Mwaka 2021 Jennifer Miller na Yiming Wang walitangaza matokeo ya kupima shanga zaidi ya 1,500 za Afrika ya mashariki na kusini. Zile za miaka 50,000 hadi 33,000 iliyopita zilifanana sana, ingawa kati yake kuna zaidi ya kilomita 3,000. Kwao hiyo ni alama ya watu waliokuwa mbali lakini bado wameshikana.

Ganda la kuku ni jembamba, halifai shanga. Lakini lina kalsiamu nyingi, kama chokaa. Lioshe, lianike juani, litwange liwe unga. Kuku anayetaga mpe kidogo, mayai yake yawe na ganda gumu. Unga unaobaki uchanganye na udongo wa bustani. Unayeyuka polepole, basi samadi usiiache.

Kwa mama anayeanza upya na kuku wawili, hiyo ni mali isiyonunuliwa.