Mlezi: Neno linalobeba ulinzi na mafunzo

Mtoto anapofiwa na wazazi wake mjini Bujumbura, iwe katika mtaa wa Gasenyi au wa Buyenzi, jamaa huulizana ni nani atakayekuwa mlezi wake. Ndani ya swali hilo mna mawili: nani atamlinda, na nani atamfunza?

Asili ya neno

Mlezi hutokana na kitenzi kulea. Kirundi kina kitenzi hicho hicho kwa umbo la kurera. Sauti l ya Kiswahili mara nyingi hulingana na r ya Kirundi, kama katika kulima na kurima. Konsonanti ya pili imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika njaa, ambayo Warundi huiita inzara. Hata hivyo imeacha alama: ndiyo z inayosikika katika mlezi na malezi.

Kutokana na kurera, Kirundi kina indero, neno linalojumuisha malezi na elimu. Nchini Rwanda, uburezi ndiyo elimu yenyewe, na wizara husika huitwa kwa neno hilo. Waswahili nao husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa maana hiyo, anayelisha bila kufunza hajatimiza ulezi.

Kutoka Roma hadi Urundi

Sheria ya Burundi, kwa Kifaransa, humwita mlezi wa yatima tuteur, na ulezi wake tutelle. Maneno hayo yana asili ya Kilatini: tueri, yaani kutazama na kulinda. Kwa Warumi, tutor alisimamia mali ya yatima, na ulezi ulipokwisha alidaiwa hesabu. Katika Kiingereza, neno hilo hilo limekuwa jina la mwalimu.

Tutelle iliwahi kutumika kwa nchi nzima. Mwaka 1946, Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Ubelgiji ikiwa msimamizi. Kwa Kifaransa udhamini huo uliitwa tutelle. Mkataba wa Umoja huo ulimtaka msimamizi kuwaendeleza wenyeji kuelekea kujitawala au uhuru. Hivyo watu waliokuwa na mwami wao, na bashingantahe wa kuamua mashauri yao, walipewa hadhi ya mtoto anayesubiri kukua. Hali hiyo ilikoma tarehe 1 Julai 1962, Burundi ilipopata uhuru.

Yatima hulelewa kwa kuwa bado ni mdogo. Akishakua, mlezi humkabidhi mali yake, na kilichobaki kwake ni yale aliyofunzwa.