Nani Anamuuguza Nesi?

Huku kwetu Abuku, foleni ya kliniki ikiwa ndefu utasikia watu wananung'unika: "Nesi wa hapa ana mdomo mkali." Nafanya kazi na vijana, na maneno hayo nayasikia sana. Lakini historia ya jirani zetu wa Gulu, ng'ambo ya Nile, inatupa swali lingine: huyo nesi mwenyewe amebeba nini?

Oktoba 2000 Ebola ililipuka Gulu, vita vya LRA vikiwa bado vinaendelea. Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala anasoma Makerere. Aliitwa, akarudi hospitali ya Lacor, akatenga wodi ya wagonjwa hao. Walioingia mle walikuwa wa kujitolea, wengi wao manesi. Walivaa gauni, maski, glavu na mabuti kwenye joto lile. Wakitoka kazini, majirani wengine waliwakimbia. Na wenzao walipoambukizwa, ni wao hao hao waliowauguza.

Mwishoni mwa Novemba, baada ya wenzao kadhaa kufa kwa mfululizo, mioyo ilichoka. Wafanyakazi kama 400 walikusanyika kwenye ukumbi wa shule ya unesi, wengine wakitaka hospitali ifungwe. Kikao kilichukua saa nyingi. Walitoa hasira na woga wao wote. Lukwiya aliwaambia anayetaka kwenda aende, ila yeye anabaki. Wakarudi wodini. Tarehe 5 Desemba 2000 Ebola ilimuua yeye pia. Lacor ilipoteza wafanyakazi 13, naye akiwemo. Kwa jumla watu 425 waliugua na 224 walikufa.

Sisi tunapenda kuwaita manesi mashujaa. Neno tamu, lakini linawaziba mdomo, maana shujaa haruhusiwi kusema "nimechoka". Wale wa Lacor walisema, tena mbele ya mkubwa aliyekuwa akiingia nao wodi ile ile. Naamini hilo liliwasaidia kusimama.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, pamoja na semina na mabango, watengeeni manesi muda wa kukaa na kusema yaliyo moyoni, bila kuogopa kupoteza kazi. Na msimamizi ashike zamu nao mara moja moja. Sisi wa kambini tuanze na salamu kabla ya lawama. Huenda usiku wa jana amefunika uso wa mtoto wa mtu, na asubuhi hii hajaulizwa ameamkaje.