Kitanzi na Mtande: Jina la Nguo na Ushuru Wake



Katika masomo ya uraia, kodi huzungumzwa kwa jumla mno. Leo nakualika tutazame kodi moja, yaani ushuru wa forodha, kwa kupitia bidhaa moja: blauzi ya kike iliyofumwa ng'ambo. Historia yake ni historia ya maneno pia, na mwenye kulijua jina la mzigo wake hadhulumiwi kwa urahisi.

Neno forodha lina asili ya Kiarabu. Pwani ya Afrika Mashariki ndipo palipokuwa mahali pa kushushia shehena, kuikagua na kuitoza ushuru. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na ushuru ukawekwa kuwa asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa. Vitambaa vya pamba vilivyoletwa na Wamarekani vikaitwa merikani, jina ambalo lingali hai katika kamusi zetu.

Baadaye mipaka ya kikoloni ilileta utaratibu mwingine. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na Umoja wake wa Forodha ukaanza Januari 2005. Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016. Kwa hiyo lugha ya forodha ya Jumuiya inatuhusu nasi tulioko Juba.

Lugha hiyo ni ya tarakimu. Mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1983, ukaanza kutumika mwaka 1988, ulizipa bidhaa za dunia nzima namba za pamoja. Afisa akipokea nguo hujiuliza maswali kadhaa.

Swali la kwanza: imefumwaje? Hapa Kiswahili kinatutaka tuwe waangalifu, kwa kuwa kitenzi kufuma hubeba kazi mbili. Kuna kitambaa cha mtande na mshindio, yaani nyuzi zilizotandazwa kwa urefu na nyingine zinazopita katikati yake. Tena kuna kitambaa cha vitanzi, ambapo uzi hushikana na uzi kama katika sweta. Nguo za vitanzi zimo katika sura ya 61, za mtande na mshindio katika sura ya 62. Hivyo blauzi ya kike ya vitanzi ni 61.06, na mwenzake wa mtande ni 62.06.

Swali la pili: ni ya nani? Nguo inayofungwa mbele, upande wa kulia ukilalia wa kushoto, huhesabiwa kuwa ya kike. Wa kushoto ukilalia wa kulia, ni ya kiume, isipokuwa mshono wenyewe uoneshe wazi vinginevyo. Ile isiyotambulika huwekwa pamoja na za kike.

Swali la tatu ndilo zito: ni mpya au ni mtumba? Nguo zilizokwisha kuvaliwa na kufungwa katika marobota huenda kwenye 63.09, ziwe za vitanzi au za mtande, za kike au za kiume. Nguo mpya hutozwa kwa thamani yake. Kwa mitumba, mizani ya kilo nayo huingia katika hesabu. Rwanda ilipoipandisha mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda nafuu ya kuingia katika soko lake bila ushuru. Namba moja ya forodha iligusa uhusiano wa mataifa mawili.

Sasa mfikirie mama wa Gurei anayeleta blauzi kutoka Kampala kupitia Elegu na Nimule. Blauzi mpya zikichanganywa na mitumba katika robota moja, nani ataamua zihesabiwe kwa thamani au kwa kilo? Na zikiwa zimetengenezwa ndani ya Jumuiya kwa masharti yanayotakiwa, cheti cha uasili wa bidhaa chaweza kumwondolea ushuru wa forodha. Asiyelijua hilo hulipa asichodaiwa.

Ushuru ni haki ya taifa, maana shule na barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini haki hiyo ina sehemu mbili. Lipa, kisha udai stakabadhi. Uliza namba iliyoandikwa dhidi ya mzigo wako na sababu yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa asiyeridhika na uamuzi siku 30 za kuomba upitiwe upya.

Kwa hiyo, mwanafunzi, unapojifunza mtande, mshindio na kitanzi, usiyaone kuwa ni maneno ya fundi peke yake. Nenda sokoni Konyokonyo, ishike blauzi, uivute kidogo, uitazame nyuzi zake, kisha useme kwa Kiswahili fasaha ni ya sura ya 61 au ya 62. Siku mama yako atakapoulizwa mpakani, awe na mtu nyumbani aliyemfundisha jibu.