Elimu ya Wasuluhishi wa Ndoa katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Mwaka 1945 Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe aliandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Kisa chaanzia penye jeraha la ndoa nyingi: mke hana mtoto, jamaa za mume wamsimanga, wazazi wake waja kumchukua. Mume aendapo kumwomba, majuto yake peke yake hayamtoshi. Wazee wakaa baraza, maneno yapimwa, naye atozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mkewe. Msomaji wa leo aweza kuicheka faini hiyo. Lakini pombe ya ndizi haipikwi kwa siku moja. Ndizi huvundikwa mpaka ziive, hukamuliwa, kisha huachwa zichachuke. Na mume ashughulikapo na kazi hiyo, hasira za pande mbili hupata nafasi ya kupoa. Waliobuni adhabu hiyo walijua tabia ya binadamu, ijapokuwa ujuzi wao haukuwa na jina wala shahada.

Ng'ambo ya pili, kwa Wasukuma, ndoa ilishikwa na ng'ombe. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika, alizieleza sheria na mila zao katika kitabu cha mwaka 1953. Talaka ilikuwa hesabu: mahari yarudi kiasi gani, na watoto waliozaliwa wapunguze ng'ombe wangapi. Kwa hiyo wazee walipatanisha kwa bidii kubwa. Na hapo ndipo penye ila. Msuluhishi mwenyewe alikuwa na fungu katika shauri. Mwanamke aliyepigwa aliweza kuhimizwa arudi kwa mumewe kwa kuwa ng'ombe wake walikwisha kutolewa kumwolea kaka yake. Wanaolisifu baraza la kale bila kulitaja jambo hili hulisifu nusu.

Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya 1971, ilijaribu kuuhifadhi upatanishi huku ikiuondoa mikononi mwa wenye mahari. Iliagiza kila kata iwe na baraza la usuluhishi, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Jumuiya pia, za dini na nyinginezo, zaweza kuruhusiwa kuwa na mabaraza yao. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama mwenzi kutoweka asijulikane aliko, hakuna awezaye kuomba talaka mahakamani bila cheti cha baraza kwamba upatanishi umeshindikana. Idadi ya wajumbe ilielezwa hivyo kwa tarakimu; elimu yao haikupewa kipimo kama hicho. Si jambo dogo. Mahakama zimepata kuyatupa maombi ya talaka kwa sababu ya cheti kisicho sahihi, na mwenye dhiki akaambiwa aanze upya.

Nchi nyingine zilishika njia tofauti. Marekani, ambako washauri wa ndoa waliunda chama chao mwaka 1942, jimbo la California lilianza kuwapa leseni mwaka 1963. Na siku hizi anayetaka kazi hiyo husoma shahada ya uzamili, kisha hutibu familia kwa saa nyingi chini ya uangalizi. Mara nyingine mwalimu hukaa nyuma ya kioo, akimtazama mwanafunzi azungumzavyo na mume na mke. Mzee wa Ukerewe hakuhitaji kioo: kijana aliyekaa karibu na baraza alisikia yote.

Mwanza haikukosa shule. Nyegezi palianzishwa chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, kwa juhudi za Askofu Joseph Blomjous, nacho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Dar es Salaam taasisi ya ustawi wa jamii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hata hivyo, mwalimu mkali kuliko wote alikuwa ukimwi. Kabla ya ugonjwa huo, mshauri aliweza kusema na mume peke yake, au na baba wa mke. Mbele ya majibu ya damu ilimlazimu kuwaketisha wawili pamoja, na kutunza siri ambayo baraza la ukoo lisingeitunza.

Wakati huohuo viwanda vya sangara, vilivyoenea mwambaoni tangu miaka ya 1990, viliwavuta wavuvi kwenye makambi ya visiwani, mbali na wake zao. Huko mjomba hayupo, wala zizi la kuhesabia mahari. Ugomvi ukizuka, wenye nao husuluhishwa na mwenye chombo, au jirani wa kibanda cha pili, au wasisuluhishwe kabisa. Na yule mke aliyeachwa bara, akitaka haki yake, hurudi kwenye kata na baraza lake.

Sheria huliruhusu baraza hilo kuambatanisha na cheti mapendekezo yake juu ya shauri. Mjumbe aliyefunzwa kusikiliza angeweza kumwandikia hakimu hapo nani anamwogopa nani, na watoto wanalala wapi.